Bomba la maji la zamani linapobadilishwa mtaani kwenu Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mkazi wa Dar es Salaam aliyeamka akakuta mtaro umechimbwa mbele ya geti lake, au aliyesikia kwa mjumbe kwamba laini ya mtaa inabadilishwa. Si tangazo la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Ratiba ya mtaa wako iulizie ofisi ya serikali ya mtaa au ofisi ya DAWASA ya eneo lako. Humu kuna yale ambayo watu huuliza wakati madumu yameshapangwa foleni.

Bomba bado linatoa maji. Kwa nini wasiliache?

Kwa sababu linatoa maji hata pale pasipotakiwa. Kwa miaka mingi karibu nusu ya maji yaliyozalishwa kwa ajili ya jiji hili hayakulipiwa na mtu: mengine yalivuja chini ya ardhi, mengine yaliibwa, mengine yalipita kwenye mita zilizochoka.

Umri nao unasema. Mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Juu ni wa mwaka 1959, Ruvu Chini ni wa 1976. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mitambo imepanuliwa, hilo halina ubishi: Ruvu Chini ilitoka lita milioni 182 kwa siku hadi 270, Ruvu Juu ikatoka milioni 82 hadi 196. Mabomba makubwa mapya yakalazwa pia, likiwemo lile la kipenyo cha milimita 1,800 linaloleta maji ya Ruvu Chini kwenye matangi ya upande wa Chuo Kikuu. Lakini maji yakishatoka matangini yanaingia kwenye mtandao wa mitaani, na huko ndiko yaliko mabomba ambayo babu yako aliyakuta.

Ukipata nafasi ya kuona bomba la chuma la inchi mbili lililokatwa baada ya miaka arobaini ardhini, lichungulie kwa ndani. Kutu huota vinundu, kimoja juu ya kingine, vyekundu kwa juu na vyeusi ukivikwangua, mpaka tundu linalobaki halipitishi kidole gumba. Kwa nje bomba ni zima. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba laini yake haijapasuka popote, na ni kweli, ila maji hayapandi tangini.

Kwa hiyo bomba jipya likiingia, mgao umekwisha?

Hapana, na atakayekuahidi hivyo anakupa moyo tu. Bomba jipya linaokoa maji yaliyokuwa yakipotea njiani. Halizalishi hata ndoo moja. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua kwa ukame na jiji zima likaingia kwenye mgao, wenye mabomba mapya na wenye mabomba ya zamani. Dawa ya tatizo hilo ni kuhifadhi maji ya masika, ndiyo sababu ya Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, lililopangwa kubeba mita za ujazo milioni 190 ili mto uwe na cha kuupa mtambo wakati wa kiangazi.

Mtakachopata kwa uhakika mtaani ni presha. Na presha, kama nitakavyoeleza kwenye suala la bili, ina mambo yake.

Maji yatakatika kwa muda gani?

Kwa kawaida bomba jipya hulazwa pembeni huku la zamani likiendelea kufanya kazi, kwa hiyo mtaro ukiwa wazi wiki tatu haina maana kwamba mtakaa wiki tatu bila maji. Maji hukatika hasa siku ya kuunganisha, yaani kuhamisha wateja kutoka laini ya zamani kwenda mpya.

Kabla ya siku hiyo kuna hatua ambazo mafundi hawapaswi kuziruka. Bomba hujazwa maji na kupigwa presha kubwa kuliko ile litakayofanyia kazi, mara moja na nusu hivi, ili kuona kama viungo vinashika. Kisha hutiwa klorini nyingi, mara nyingi kati ya miligramu 25 na 50 kwa lita, ikaachwa humo saa 24, halafu yote yakamwagwa. Ukiona maji mengi yanamwagwa mtaroni wakati nyie mna kiu, inauma, lakini maji yale si ya kunywa.

Tangazo likisema maji yatakatika kwa muda wa saa nane, mimi ningejiandaa kwa siku mbili. Sababu ni moja na inajirudia: valvu ya zamani haifungi sawasawa. Mabomba meusi yenye mistari ya bluu, wanayoyaita poli paipu, huunganishwa kwa kuyayeyusha ncha kwenye bamba la moto wa nyuzi zaidi ya 200, kisha ncha mbili hukandamizwa zishikane. Kiungo hicho hakitaki maji hata tone. Valvu iliyokaa miaka thelathini bila kuguswa ikiachia kauzi kembamba tu, mafundi watakaa pale na pampu usiku kucha wakisubiri pakauke.

Niweke akiba kiasi gani?

Piga lita 50 kwa mtu kwa siku ukitumia kwa adabu. Nyumba ya watu sita ni lita 300, sawa na madumu 15 ya lita 20. Tangi la lita 1,000 litawafikisha siku tatu na chenji. Maji ya kunywa yatengwe kwenye chombo chake chenye mfuniko, na asiyaguse mtu kwa kopo la kuogea. Kinachomaliza akiba ni choo cha kuvuta, kwa sababu kila mvuto unakula lita sita hadi tisa. Maji ya kusuuzia nguo yapelekeni huko.

Maji ya boza yanafaa kunywa?

Inategemea yametoka wapi, na dereva ndiye wa kuulizwa kabla hajafungua koki. Boza lililojaza kwenye kituo cha DAWASA si sawa na lililojaza kisimani Mbagala. Visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha. Ukichemsha inazidi tu. Vijidudu ndivyo vinavyokufa kwa moto. Kwa kunywa, chemsha yachemke kweli au tumia vidonge vya kutibu maji, hata kama muuzaji anakuapia. Jiji lililopitia kipindupindu cha mwaka 2015 linajua hili bila kukumbushwa.

Kitu kingine: angalia mpira wa boza unavyoburutwa chini kabla ya kuingizwa tangini mwako. Mwambie kijana asuuze ncha kwanza. Atanung'unika, lakini atasuuza.

Maji yamerudi, ila ni mekundu. Mengine meupe kama tui. Mengine yananuka dawa.

Hayo ni mambo matatu tofauti, na dawa yake si moja.

Mekundu au ya kahawia ni kutu na matope yaliyokuwa yamelala kwenye mabomba ya zamani yaliyobaki. Mkondo ukibadilika nguvu au upande, yanaamka. Usifungulie tangi. Funga koki ya kuingiza tangini, nenda kwenye bomba la chini kabisa la nje, acha yamwagike mpaka yasafike, kisha jaza. Nguo nyeupe zisubiri siku mbili tatu. Madoa ya kutu hayatoki kwa sabuni, na ukiongeza dawa ya kung'arisha nguo ndiyo yanakolea.

Meupe ni hewa. Teka kwenye glasi, iache mezani. Yakianza kusafika kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika chache, ni mapovu tu na hayana neno. Yakibaki na ukungu, au yakaacha vumbi chini ya glasi, hiyo si hewa, toa taarifa.

Harufu ya klorini kwa siku za mwanzo ni ya kawaida, na kwa kweli mimi huwa na wasiwasi zaidi na maji yasiyonuka chochote siku bomba lilipofunguliwa. Ukiyaweka ndoo wazi kwa saa kadhaa hupungua. Harufu ya choo au ya mtaro ni jambo jingine kabisa: usinywe, usipigie mswaki, waambie majirani, piga simu DAWASA siku hiyo hiyo. Bomba lisilo na presha hunyonya kilichopo nje kupitia tundu lolote, na laini nyingi za nyumbani Dar zimepita ndani ya mitaro ya maji machafu.

Mita inazunguka kabla maji hayajatoka. Nalipia upepo?

Inaweza kutokea. Mita ya kawaida ina gurudumu linalosukumwa na kinachopita, nalo halijui hewa na maji. Laini iliyokuwa tupu ikijazwa, hewa yote hutafuta pa kutokea, na koki yako iliyoachwa wazi tangu juzi ndiyo mlango wake. Wakati wa katiko funga koki iliyo karibu na mita. Maji yakirudi mtaani, subiri kidogo, kisha fungua taratibu. Piga picha namba za mita kabla ya katiko na baada yake. Picha ya simu ina tarehe, na ofisini inaongea vizuri kuliko wewe.

Tangu waweke bomba jipya bili yangu imepanda mara mbili. Tumeibiwa?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi mwizi yuko ndani ya nyumba.

Fikiria ilivyokuwa. Laini ya zamani ilileta maji kidogo, usiku, siku mbili kwa wiki. Nyumba yako ilizoea. Boya la tangi lilikufa zamani lakini tangi halikuwahi kujaa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kiungo cha bafuni kinavuja ukutani, lakini kwa presha ile ilikuwa jasho tu. Koki ya choo haizibi, lakini maji yenyewe hayakuwepo. Sasa bomba limebadilishwa, presha imekuja saa 24, na mtandao wa mtaa haupasuki tena. Sehemu dhaifu kuliko zote imehamia upande wako wa mita, na upande huo unalipia kila tone.

Jipime hivi. Usiku, wote wakilala, funga mabomba yote na hakikisha tangi limejaa. Nenda kwenye mita na tochi. Kwenye uso wake kuna kijigurudumu au kinyota kidogo, mara nyingi chekundu au cheusi. Kikizunguka, maji yanakwenda mahali. Funga koki ya kuingia tangini: kikisimama, tatizo ni boya au tangi. Kikiendelea, tatizo liko kwenye laini kati ya mita na nyumba, na hapo tafuta sehemu ya ardhi yenye unyevu au majani ya kijani kiangazi. Kwa choo, tia rangi ya chakula au juisi nyekundu kwenye tangi lake la juu na usivute. Ikionekana bakulini baada ya nusu saa, choo kinavuja.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Choo kinachotiririka lita kumi tu kwa saa hula lita 240 kwa siku, na kwa mwezi ni uniti saba na ushee. Hakuna mtu aliyeoga humo.

Kama kijigurudumu kimesimama kabisa na bili bado ni ya ajabu, basi una haki ya kuomba mita ipimwe. Usikubali kujibiwa kwamba "mita mpya ndivyo zilivyo".

Nani analipia kipande cha kutoka bomba kuu hadi kwangu?

Hadi kwenye mita ni mali na jukumu la mamlaka ya maji. Baada ya mita ni lako. Kuhusu gharama za kuhamishwa kwenda laini mpya, uliza kabla kazi haijaanza na upate jibu kutoka ofisini, si kwa kijana mwenye koleo. Malipo halali ya Serikali hupewa kumbukumbu namba ya malipo na hulipwa benki au kwa simu. Anayetaka mkononi, hata akiita ya soda, hiyo ni yake.

Wapangaji mnaogawana mita moja: andikeni usomaji wa mita wa siku ya kuhamishiwa laini mpya, wote mshuhudie. Bili ya kwanza baada ya mradi ndiyo inayovunja ujirani, hasa nyumba ya vyumba sita ambapo mmoja anauza barafu.

Laini yangu imepita uani kwa jirani na sijui inaanzia wapi.

Hauko peke yako. Maeneo mengi ya jiji yalijengwa kwanza, bomba likafuata. Watu walivuta kila mmoja laini yake ya nusu inchi kutoka barabarani, ikapita chini ya ukuta wa huyu, juu ya mtaro wa yule, ikakutana na nyingine kumi. Bomba la zamani likizimwa, laini ambayo haikuandikwa popote inazimwa nalo. Mafundi wanaunganisha wateja walio kwenye orodha.

Kwa hiyo usisubiri. Siku unapoona chokaa inapigwa chini, chukua bili yako ya karibuni, nenda na namba ya mita, na umwonyeshe msimamizi wa kazi mahali laini yako inapoingilia. Kabla hawajafukia, rudi uone kiungo chako kwa macho, piga picha ukiwa umeweka kitu kinachotambulika pembeni, kona ya ukuta au nguzo ya umeme. Baada ya kufukiwa, kumtafuta aliyesahau kukuunganisha ni kazi ya wiki.

Na kama umenunua nyumba ukaikuta na maji yasiyo na mita, mradi huu ndio utakaoiibua. Kwenda mwenyewe ofisini ukaeleze ni nafuu kuliko kukutwa.

Mtaro umefunga duka langu. Nitalipwa?

Kwanza jua uko wapi kisheria. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Kibanda kilichowekwa ndani ya hifadhi bila haki ya ardhi hakina fidia ya ardhi. Ardhi yako halali ikitwaliwa, fidia si ya matofali tu: kanuni za 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, pango la miezi 36 na faida ya biashara iliyopotea.

Ulizia pia nani anafadhili. Miradi ya Benki ya Dunia ina masharti yake ya jamii, na masharti hayo huwatambua hata watu wasio na hati kwa ajili ya mali zao zitakazoharibika. Lazima kuwe na daftari la malalamiko ya mradi. Liulizie kwa jina hilo, andikisha, piga picha kibanda kikiwa kizima.

Kwa duka lililozibwa na kifusi kwa siku kadhaa, usitarajie hundi. Dai daraja la mbao la wateja kupita. Hilo hupatikana siku hiyo hiyo ukisimama na mwenyekiti wa mtaa.

Lami itarudishwa lini?

Udongo wa mtaro hushuka, kwa hiyo kifusi cha muda kwa wiki kadhaa ni sahihi. Lami ikiwekwa haraka inabonyea. Ila masika ikikuta kifusi, mtakuwa na bwawa. Barabara zina wenyewe, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za mijini na vijijini, na kibali cha kukata lami hutolewa nao. Mkandarasi akitoweka, wao ndio wa kuandikiwa.

Mtaa wa pili wana maji, sisi hatuna, na bomba ni hilo hilo.

Angalia mwinuko. Milima ya Kimara na Mbezi haisamehe. Mara nyingine ni valvu iliyosahauliwa imefungwa nusu baada ya kazi, au hewa iliyonasa kwenye kilele cha laini. Yote mawili hurekebishwa kwa dakika chache fundi akifika, kwa hiyo toa taarifa mapema badala ya kusubiri "labda kesho".

Nikilalamika nianzie wapi?

Anzia DAWASA, na usitoke bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Wakinyamaza, nenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kuna pia baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, ambalo humsaidia mteja kupanga hoja zake. Maamuzi ya EWURA hukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Wengi hawafiki huko. Picha za mita na namba ya kumbukumbu humaliza mambo mengi kaunta.

Vipande vya bomba la zamani naweza kuchukua?

Vya chuma ni mali ya mamlaka, na vijana wa chuma chakavu watawahi kabla yako. Muulize msimamizi.

Vile vya kijivu, vizito, vinavyofanana na saruji ngumu, achana navyo kabisa. Hayo ni mabomba ya asbesto, yaliyotumika miji mingi ya Tanzania. Maji yaliyopita humo hayajathibitika kumdhuru mnywaji. Hatari iko kwenye vumbi. Ukilikata kwa msumeno au kulivunja kwa nyundo, nyuzi zake ndogo huingia mapafuni na hazitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi. Watu wameyafanya nguzo za uzio na vihori vya kuku. Likiwa zima na limetulia halina vurugu, lakini usilitoboe, usilisage kuwa kokoto, na watoto wasilichezee. Ukikuta mafundi wanalikata kavu bila barakoa na bila kulimwagia maji, funga madirisha na umpigie simu mwenyekiti wa mtaa.